Alama ya biashara ikipata mwenyewe mpya: namna ya kuandikisha uhamisho na leseni nje ya Zanzibar

Baba alipofariki, pale dukani Darajani hakuna aliyeuliza biashara sasa ni ya nani. Hitma ilisomwa, mirathi ikagawiwa, na ndugu zangu wakaridhia sehemu zao za biashara nizinunue mimi. Kina mama wa Paje na Bwejuu wanaotuletea mwani wa sabuni zetu walijua wa kumpelekea mzigo, na wateja walijua wa kumpigia simu. Miaka miwili baadaye binamu yangu aliyeko London alinitumia picha ya sabuni iliyotengenezwa na mtu mwengine kabisa, yenye jina letu na ua letu mbele ya boksi. Tukatafuta wakili wa huko. Swali lake la kwanza lilikuwa nani mwenye alama. Nikamjibu ni mimi. Akafungua daftari la alama za biashara la Uingereza kwenye kompyuta yake, kisha akaniambia kwa upole kwamba kwa mujibu wa daftari mwenye alama ni marehemu.

Ikatuchukua miezi saba kutafuta karatasi na saini ambazo tungeziandika kwa siku mbili wakati wa mirathi, sote tukiwa kikao kimoja. Nauandika mwongozo huu kwa mfanyabiashara wa Unguja au Pemba ambaye alama yake imesajiliwa nje, na sasa ameiuza, ameinunua, ameirithi, au amemruhusu mtu aitumie.

Nje inaanzia bandarini Malindi, Unguja

Mali ya ubunifu haimo katika mambo ya Muungano. Zanzibar ina Sheria yake ya Mali za Viwanda, Namba 4 ya 2008, na alama za biashara husajiliwa kwa Mrajis, kwenye Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, BPRA. Bara wana Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986, na ofisi yao ni BRELA. Kwa hiyo ukipanda boti na katoni zako kwenda Dar es Salaam, alama uliyoisajili hapa inabaki gatini. Yule aliyesajili BRELA naye, akishuka Malindi, hana alama aliyoibeba.

Na kila nchi ni hivyo hivyo. Mkataba mliotia saini Mji Mkongwe unakufungeni nyinyi wawili. Forodha ya Felixstowe, jaji wa London au mnunuzi wa Maskati anaangalia daftari la kwao, na jina analolikuta ndilo analolifuata. Ndiyo maana uhamisho mmoja unaweza kuandikishwa mara nne au tano, kila mahali kwa utaratibu wake.

Hatua ya 1: Jua alama zako ziko wapi na kwa jina gani

Usianze na hati, anza na orodha. Chukua daftari la skuli au jedwali la kompyuta, uandike kwa kila nchi: namba ya usajili, jina la mwenye alama kama lilivyoandikwa kule, anwani, makundi ya bidhaa, na tarehe ya mwisho ya kuhuisha. Madaftari mengi yanatafutika bure kwenye intaneti. Shirika la Mali ya Ubunifu Duniani, WIPO, lina hazina ya alama za nchi nyingi. TMview ya ofisi ya Ulaya ni ya pili. Na ofisi za Uingereza na Marekani zina utafutaji wao wenyewe. Chapisha ukurasa wa kila alama, uutie tarehe.

Makundi yana maana, kwa sababu uhamisho au leseni hushika kile tu kilichosajiliwa. Duniani yako makundi 45. Sabuni, manukato, udi na ubani vimo kundi la 3. Viungo, chai na kahawa ni kundi la 30. Mwani uliokaushwa kwa kuliwa ni la 29, nguo za kuvaa ni la 25, hoteli na mikahawa ni la 43. Ukinunua alama ya sabuni ukidhani umenunua na ya viungo, utagundua kosa siku ya kupakia kontena.

Ukiwa kwenye orodha hii, watazame kwa makini walioisajili alama kwa niaba yako. Inatokea mara nyingi kuliko tunavyosema: msambazaji wa nje anasema “niachie mimi, nitakusajilia”, na anasajili kwa jina lake. Mkataba wa Paris, ule wa kimataifa wa kulinda mali za viwanda, ambao Tanzania imo tangu miaka ya 1960, unalizungumzia hilo katika kifungu cha 6 septies. Wakala akisajili bila ya ruhusa ya mwenyewe, mwenyewe ana haki ya kupinga, au kutaka usajili ufutwe, na sheria ya nchi ikiruhusu, kutaka alama ihamishiwe kwake. Lakini haki hiyo inataka ushahidi kwamba alikuwa wakala wako. Hifadhi ankara, ujumbe wa WhatsApp, barua pepe, na kila karatasi inayoonesha bidhaa zilitoka kwako.

Hatua ya 2: Tambua ni mabadiliko ya aina gani

Hapa ndipo fomu zinapokosewa. Kuna tofauti kubwa baina ya kubadili jina na kubadili mwenyewe. Kampuni ikibadilisha jina BPRA na kubaki kampuni ile ile, nje unaomba kubadilishiwa jina tu, na cheti cha mabadiliko ya jina kinatosha kuwa ushahidi. Lakini kikundi cha ushirika kilichosajiliwa kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika kikianzisha kampuni na kuhamishia kazi huko, aliyepo sasa ni mtu mwengine mbele ya sheria, hata kama kina mama ni wale wale na mlango wa ofisi ni ule ule. Huo ni uhamisho, na unataka hati ya uhamisho kutoka kwa ushirika kwenda kwa kampuni. Vikundi vingi vya Pemba vinaelekea njia hii. Naomba mlizingatie hili kabla ya kuufunga ushirika, kwa sababu ukishafutwa hakuna wa kutia saini.

Mirathi ni uhamisho pia, tena wenye hatua mbili: kutoka kwa marehemu kwenda kwa warithi au msimamizi, halafu kwenda kwa yule atakayebaki na biashara. Ofisi ya nje inataka kuona hati inayomtambulisha msimamizi wa mirathi. Kwetu hizo hutoka mahakamani, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inahusika na mirathi ya Waislamu. Muulize mapema wakili wa nchi ile kama hati ya Zanzibar itapokewa ilivyo au lazima kwanza itambuliwe na mahakama yao, kwani jibu hilo peke yake linaweza kubeba miezi.

Na warithi wakiamua kubaki nayo wote kwa pamoja, yupo mtego mwengine. Sheria ya Uingereza ya alama za biashara ya 1994, kifungu cha 23, inasema wenye alama kwa ushirika wana sehemu sawa, ila kama wameandika vyengine. Mirathi yetu haigawiwi sawa: mtoto wa kiume huchukua mafungu mawili ya wa kike, na mjane ana lake. Msipoandika mafungu yenu kwenye makubaliano, kule mtahesabiwa kila mmoja sawa na mwenziwe. Kifungu hicho hicho kinasema mmoja hawezi kumpa mtu leseni wala kuuza fungu lake bila ya ridhaa ya wenzake. Kwa hiyo ndugu mmoja akiwa hapatikani, leseni haipo.

Hatua ya 3: Unga mnyororo wa majina

Afisa wa nje atasoma jina lililomo daftarini na jina la anayetoa alama kwenye hati yako. Yasipolingana herufi kwa herufi, faili linarudi. Sisi tuna tabu yetu ya pekee hapa: Khamis na Hamisi, Salum na Salim, Fatma na Fatuma, majina mawili hapa na matatu pale, na “bin” inayotokea kwenye hati ya zamani na kupotea kwenye paspoti. Sisi kwa sisi ni mtu mmoja, lakini kwa afisa wa Newport au Alicante, ziliko ofisi za alama za Uingereza na za Umoja wa Ulaya, ni watu wawili.

Dawa yake ni kiapo cha jina mbele ya kamishna wa viapo, kinachosema kwamba fulani aliyeandikwa hivi na fulani aliyeandikwa vile ni mmoja, kikiambatishwa nakala ya paspoti au kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Kipate kabla hakijatakiwa.

Tazama pia kama kuna kiungo kilichoruka. Tuseme alama iliandikwa kwa jina la mzee, yeye akampa mwanawe kwa mdomo mwaka 2015, na mwana sasa anaiuza kwa kampuni. Daftari halimjui mwana. Lazima uhamisho wa mzee kwenda kwa mwana uandikwe kwanza, au wote wawili watie saini hati inayothibitisha mtiririko mzima. Hati ya kuthibitisha jambo la zamani inaruhusiwa, ila tarehe ya saini iwe tarehe ya kweli, leo. Usirudishe tarehe nyuma. Hati yenye tarehe ya uongo inaua kesi nzima, na madhambi yake ni yako.

Hatua ya 4: Andika hati ya uhamisho fupi na kamili

Mkataba wa mauzo wenye bei, masharti ya malipo na siri za biashara ubaki kabatini. Kwa ajili ya madaftari andika hati nyengine ya kurasa moja au mbili, kwa lugha ya nchi inayokwenda au yenye tafsiri iliyothibitishwa. Madaftari haya ni ya hadharani katika nchi nyingi, na ulichowasilisha mshindani wako anaweza kukiomba.

Ndani yake mwe na majina kamili ya pande mbili na anwani zao, namba ya kila usajili na nchi yake, makundi na bidhaa zinazohamishwa, tarehe uhamisho unapoanza kufanya kazi, na maneno ya wazi kwamba anayetoa anahamisha haki zote, ikiwemo haki ya kumdai aliyeiga kabla ya tarehe hiyo. Hayo ya mwisho yasiporukwa yatakusaidia sana. Sisi yangetuwezesha kumdai yule muigaji kwa sabuni alizoziuza wakati daftari bado lina jina la baba.

Ongeza sentensi moja kuhusu jina jema la biashara, yaani ule uaminifu wa wateja unaoifuata alama. Kwa Marekani sentensi hii ni lazima. Sheria yao inahesabu kwamba alama haitenganishwi na jina jema la biashara inayoitumia, na uhamisho wa alama tupu huweza kuhukumiwa kuwa haukufaa. Mkataba wa Paris, kifungu cha 6 quater, unalainisha hali kwa nchi zenye sharti la namna hii: inatosha kuhamisha ile sehemu ya biashara iliyopo katika nchi inayohusika, si lazima uuze na duka la Darajani.

Saini ziwe za pande zote mbili hata pale sheria inapotosheka na ya anayetoa. Kwa kampuni, ambatisha maamuzi ya bodi yanayomruhusu mkurugenzi kutia saini. Tieni saini nakala za asili kadhaa kwa kikao kimoja, moja kwa kila nchi na mbili za akiba, kwa sababu kumfuata mtu Wete baada ya miezi sita kwa ajili ya saini moja ni gharama isiyo na sababu.

Hatua ya 5: Peleka ombi katika kila nchi

*Uingereza.* Uhamisho huombwa kwa fomu TM16. Pande zote zikitia saini kwenye ombi, ofisi haidai ushahidi mwengine. Kama mmoja hakutia, ndipo hati inapotakiwa. Utahitaji anwani ya kupokelea barua iliyomo Uingereza, Gibraltar, Isle of Man au Visiwa vya Channel. Si lazima iwe ya wakili. Jamaa mwaminifu anaweza kukupokelea, mradi awe mtu anayefungua barua zake. Muhimu zaidi ni miezi sita. Kifungu cha 25 cha sheria ile ya 1994 kinasema uhamisho usipoombewa kuandikwa ndani ya miezi sita tangu ulipofanyika, au mapema iwezekanavyo baada ya hapo, mwenye alama mpya hatapewa gharama za kesi kwa uigaji uliotokea kabla haujaandikwa. Unaweza kushinda kesi na bado ukalipa wakili wako mwenyewe. Na kabla ya ombi kuwasilishwa, uhamisho wako hauna nguvu dhidi ya mtu aliyepata haki juu ya alama ile ile bila ya kujua habari zako.

*Umoja wa Ulaya.* Ofisi ni EUIPO, mjini Alicante, Hispania. Alama ya Umoja ni moja kwa nchi zote 27, na huwezi kumuuzia mtu Ujerumani peke yake ukabaki na Ufaransa. Inahama yote, ingawa unaweza kugawa bidhaa. Kuandikisha uhamisho ni bure. Lakini mtu asiye na makaazi wala biashara ya kweli katika Eneo la Uchumi la Ulaya lazima awakilishwe na wakili anayetambuliwa na ofisi hiyo. Mpaka uhamisho uandikwe, mwenye alama mpya hawezi kuzitumia haki zinazotokana na usajili. Kumbuka kwamba Uingereza ilipotoka, alama za Umoja zilizokwisha kusajiliwa zilinakiliwa kwenye daftari la Uingereza mwishoni mwa 2020. Kama yako ni ya kabla ya hapo unazo mbili, na kuhamisha moja hakuigusi nyengine. Nimeona mtu aliyeisahau hii ya pili kwa sababu hakuwahi kuiomba.

*Marekani.* Hati hupakiwa kwenye mfumo wa uhamisho wa ofisi yao, USPTO, pamoja na ukurasa wa maelezo. Ada ni dola 40 kwa alama ya kwanza na dola 25 kwa kila nyengine iliyomo katika hati ile ile. Hati isiyo ya Kiingereza iambatane na tafsiri iliyotiwa saini na mfasiri. Usichelewe kupita miezi mitatu tangu tarehe ya hati: ukipitisha, na aliyekuuzia akamuuzia mwengine asiyejua habari zako, akalipa, yule wa pili anaweza kukushinda. Ofisi haichunguzi kama uhamisho wako ni halali, inauandika tu, kwa hiyo kuandikwa si ushahidi kwamba hati yako haina kasoro. Kwa kuhuisha na maombi mengine, mwenye alama anayeishi nje ya Marekani amewajibika kuwa na wakili wa Marekani tangu tarehe 3 Agosti 2019.

*Oman na Imarati.* Kwetu hizi ni nchi za jamaa, na mambo mengi tunayamaliza kwa simu. Hili msilimalize kwa simu. Sheria ya alama ya nchi za Ghuba inafanana katika nchi zinazoitumia, lakini usajili ni wa kila nchi peke yake: wa Maskati haufiki Dubai. Hati zinatakiwa kwa Kiarabu au na tafsiri rasmi, na mara nyingi zipitie kwa mthibitishaji wa umma, Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi. Oman ina ubalozi mdogo hapa Zanzibar, na hilo linapunguza safari. Mtake wakili wa kule akuandikie mtiririko wa mihuri kabla hujatia saini, kwani muhuri uliorukwa haurudishwi kwa nyuma. Hati nzima inaanza upya.

*China na Japani*, kwa wale wauzao mwani. China, anayehamisha alama lazima ahamishe pamoja nayo alama zake nyengine zinazofanana kwa bidhaa zinazofanana, na anayepokea anakuwa na haki tangu siku uhamisho unapotangazwa. Japani, uhamisho wa kuuziana hauna nguvu mpaka uandikwe.

*Bara.* BRELA, kwa hati yako na ada zao. Wengi hulisahau kwa sababu hawaoni kama ni nje.

Wale walioingia nchi kadhaa za Afrika kupitia ARIPO, shirika la kanda la mali ya ubunifu, chini ya Itifaki ya Banjul inayohusu alama, ombi la mabadiliko linakwenda Harare.

Usajili wa kimataifa wa Madrid, ule wa ombi moja kwa nchi nyingi, unataka tahadhari ya pekee. Fomu moja, MM5, hubadilisha mwenyewe katika nchi zote zilizomo, lakini mwenyewe mpya lazima awe raia, mkaazi, au mwenye biashara ya kweli katika nchi mwanachama. Kenya, Msumbiji, Rwanda na Oman ni wanachama. Tanzania si mwanachama. Kwa hiyo ukinunua alama ya viungo kutoka kwa kampuni ya Mombasa iliyosajiliwa kwa njia ya Madrid, wewe wa Chake Chake huwezi kuandikwa, hata ukiwa umelipa shilingi ya mwisho. Lijue kabla ya kulipa. Kama huna biashara ya kweli katika nchi mwanachama, mnaweza kukubaliana muuzaji abaki na usajili na akupe leseni, kwani mpokea leseni hafungwi na sharti hilo na leseni huandikishwa kwa fomu MM13. Au usajili upya nchi kwa nchi.

Leseni: kumruhusu mtu bila ya kumpa

Leseni ni kama kumpangisha mtu nyumba. Umiliki ni wako, matumizi ni yake kwa masharti na muda. Uingereza haitambui leseni ya mdomo. Iwe imeandikwa na kutiwa saini na anayetoa.

Sharti ninaloliona kubwa kuliko yote ni ubora. Andika sabuni iwe na nini na isiwe na nini, nani ataipima, mara ngapi utaletewa sampuli, na utafanya nini ukikuta imechakachuliwa. Halafu ufanye kweli, uweke kumbukumbu ya kila sampuli. Marekani, mwenye alama anayetoa leseni na kukaa kimya bila ya kusimamia ubora anaweza kupoteza alama yenyewe mahakamani. Hata pale ambapo sheria si kali hivyo, mteja wa Birmingham akipata upele kwa sabuni yenye ua lako, jina atakalolitaja ni lako.

Sema kama leseni ni ya kwake peke yake, hata wewe usiuze huko, au ni ya wengi. Sema nchi, makundi, muda, malipo, kama anaweza kumpa mtu wa tatu, nani anashitaki akitokea muigaji, na akimaliza muda afanye nini na boksi zilizobaki. Andika kwa herufi kubwa kwamba hatasajili alama hiyo wala inayofanana nayo kwa jina lake, popote, wala kama jina la tovuti.

Kuandikisha kuna faida ambayo wengi hawaijui. Alama isiyotumika huweza kufutwa: Uingereza na Umoja wa Ulaya baada ya miaka mitano, na Marekani miaka mitatu mfululizo huchukuliwa kuwa imetelekezwa. Matumizi ya mpokea leseni kwa ruhusa yako yanahesabiwa kuwa yako. Wewe uliye Unguja na hujauza boksi moja mwenyewe huko, ruhusa iliyoandikwa ndiyo inayoonesha kwamba alama iko hai.

Uingereza fomu ni TM50, na ya kuifuta au kuirekebisha ni TM51. Ikiwa wewe mtoa leseni umetia saini ombi, hutakiwi kupeleka mkataba. Kabla haijaombewa, mpokea leseni hawezi kuzitumia haki za kushitaki ambazo sheria inampa. EUIPO, kuandikisha leseni ni euro 200 kwa kila usajili, na maombi ya pamoja hayapiti euro 1,000. Marekani haikulazimishi kuandikisha leseni. Japani, leseni ya mtu mmoja pekee ya aina yao kamili haina nguvu mpaka iandikwe. Popote unapotakiwa hati, peleka muhtasari wa ukurasa mmoja, bila ya bei.

Leseni ikimalizika, omba ifutwe daftarini. Usipofanya hivyo, mnunuzi wa kesho atakuta jina la mtu mwengine juu ya alama yako na atashusha bei.

Jibu likirudi

Hakuna ofisi itakayokuarifia nyengine. Ukiandikwa Newport, wewe ndiye wa kubadilisha ombi lako la ulinzi kwa forodha ya Uingereza, kama unalo, maana limetolewa kwa jina la zamani. Vivyo hivyo jina la tovuti, akaunti za masoko ya mtandaoni, na maandishi ya nyuma ya boksi yanayomtaja mwenye alama. Hamisha pia tarehe za kuhuisha ziende kwenye simu yako na ya mtu mmoja zaidi wa nyumbani. Barua za kukumbusha hutumwa kwa anwani iliyomo daftarini, na kwa miaka miwili zetu zilikwenda kwa wakili aliyekwisha kufunga ofisi.

Kisha keti na uthibitisho uliotumiwa, usome kila herufi ukilinganisha na paspoti: jina, sanduku la posta, namba, makundi. Wetu ulikuja na S.L.P. ya duka la zamani na herufi moja imepotea katika jina la kampuni. Tukaandika siku hiyo hiyo kuomba isahihishwe.